Kanga Isiyosomwa: George Lilanga, Miaka Ishirini Baadaye

Mwanamke wa pwani anunuapo doti mpya ya kanga hatazami rangi peke yake. Huikunjua, macho yakapita juu ya pindo, yakaingia katika mji, kisha yakashuka kulitafuta jina. Rangi ikimpendeza na jina lisimpendeze, huirudisha kwa muuzaji. Na wako wanaonunua kanga ya rangi wasiyoipenda kwa kuwa jina lake lina mtu wa kuambiwa. Kanga ambayo haijasomwa haijavaliwa bado. Imefungwa tu kiunoni.

Desturi hii ndogo ya madukani Darajani na Mombasa ndiyo iliyokosekana katika kumbi nyingi zilizopata kutundika picha za George Lilanga, Mmakonde wa kusini mwa Tanzania, aliyefariki dunia Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Miaka 20 ya kifo chake ilitimia mwaka 2025. Miaka ya namna hii huwa ni kisingizio kizuri cha majumba ya makumbusho kufungua ghala na kuzitazama upya kazi za mtu mmoja, za rangi na za kuchapa, tangu ya mwanzo hadi ya mwisho. Kazi za Lilanga zinahitaji mtazamo huo kuliko za wengi, kwa sababu yeye ametazamwa sana na kusomwa kidogo.

Maisha yake yanaelezeka kwa maneno machache. Wasifu wake humtaja kuwa alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, na humhesabu kuwa mtu wa Masasi. Yasimuliwa kwamba alianza kuchonga mihogo utotoni, kisha miti laini, kisha mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Mlinzi huyo wa lango alikuwa na kisu na vipande vya mti. Haukupita muda akaitwa ndani. Huko alikuta batiki, rangi, ngozi za mbuzi za kuchorea, mabamba ya kuchapia na karatasi, na hakuna kimojawapo alichokiacha bila ya kukijaribu. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington pamoja na za wenzake. Na siku alipofariki, picha zake zilikuwa ukutani Paris, katika Kituo cha Pompidou, ndani ya maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yakapita London, Paris, Tokyo na Stockholm, yakaishia Johannesburg mwaka 2007.

Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili. Lilanga alituzwa ugenini, na tuzo ile ikamjia bila ya maneno yake.

Ili maneno hayo yasikike, sharti kwanza kurudi nchi alikotoka. Masasi si mahali pa kigeni kwa msomaji wa visiwani, hata kama hajapakanyaga. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeshughulika na sarufi na hadithi za Kiswahili mjini Unguja, aliondoka kisiwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani akawapeleka bara ya kusini, na chini ya majabali ya Masasi wakajenga makazi yao. Kwa hiyo, Kiswahili cha Masasi kina mshipa uliotoka moja kwa moja Mkunazini na Mbweni. Mwaka 1882 uvamizi wa Wangoni uliwatawanya, na baadhi ya kazi ya misheni ikahamia Newala, juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Mtu asimamapo Newala huliona bonde la Ruvuma likiwa limelala chini yake, na ng'ambo yake ni Msumbiji, waliko Wamakonde wa Mueda. Uwanda wenyewe ni mchanga, vichaka na mikorosho. Mvua hunyesha na ardhi ikaimeza. Zamani wanawake waliteremka makorongo marefu kufuata maji, wakapanda nayo vichwani. Pengine ndiyo sababu watu wa huko wamekuwa hodari wa kutengeneza vitu vinavyobebeka: ngoma, vinyago na visa.

Na huko ndiko kulikopatikana mkusanyo wa ajabu wa michoro ya karatasi. Mwaka 1906, vumbi la Vita vya Maji Maji likiwa halijatulia, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera, chombo cha kunasa sauti na mashine ya picha zinazokwenda. Lakini alikuwa pia na karatasi na penseli, na aliwapa wapagazi wake na wenyeji wachore watakacho. Wakachora ngoma, wanyama na meli ya moshi. Mnyamwezi mmoja aliyeitwa Pesa Mbili alichora njia ya misafara kana kwamba anaikumbuka kwa nyayo. Weule alikuwa mtu wa zama zake na wa dola yake. Michoro ile aliichukua kuwa ushahidi wa akili ya watu aliowachunguza, si sanaa ya kushindanishwa na nyingine. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 alifanya jambo moja la adabu: aliandika jina la mchoraji, kabila lake, na maelezo ya mwenyewe kuhusu alichokichora.

Jambo hilo lishikwe. Mtumishi wa dola la kikoloni alimwuliza mpagazi, hiki ni nini, akaandika jibu. Miaka 100 baadaye, katika kumbi safi zenye taa za kupendeza na mapenzi mengi kwa Afrika, picha ya Lilanga huweza kutundikwa ikiwa na maneno mawili tu chini yake: Bila Jina.

Kosa halianzi kwenye kibandiko. Linaanza katika wazo lililokwisha kukaa vichwani kuhusu Mmakonde na mti. Wengi huamini kwamba mila ya Wamakonde ni mpingo mweusi uliosuguliwa ukang'aa, na kwa hiyo Lilanga, mwenye rangi zake za kopo nyekundu na samawati, ni mtu aliyeiacha mila akaingia kwenye usasa. Mambo yalikuwa kinyume. Uchongaji wa mpingo kwa ajili ya kuuza, kwa namna unavyojulikana leo, ulikua hasa katikati ya karne ya 20, na soko lake kubwa lilikuwa Dar es Salaam. Hata shetani, yule kiumbe aliyepindapinda ambaye watalii humdhani kuwa wa kale, husimuliwa kuwa alizaliwa huko katika miaka ya 1950, mikononi mwa Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka Msumbiji, aliyekuwa akimchongea mfanyabiashara Mohamed Peera. Kilicho cha kale zaidi ni lipiko, kinyago cha kuvaliwa katika ngoma za jando na unyago. Hicho huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu kichwa cha mchezaji ndicho kitakachokibeba. Hupakwa rangi, hutiwa nywele, na chale za uso hubandikwa kwa nta. Hakisimami juu ya meza. Hucheza, huchekesha, hutisha watoto, huigiza jirani mlevi na ofisa mwenye majivuno.

Kwa hiyo vinyago vya Lilanga vya mti laini vilivyopakwa rangi kali havikutoka nje ya nyumba. Vimerudi ndani kwa mlango wa nyuma. Na picha zake za ubaoni ni hatua moja tu mbele ya hapo. Ni kweli kwamba rangi na ubao alivitwaa kutoka kwa wachoraji wa Tingatinga, shule iliyoanzishwa na mtu mwingine wa kusini, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Ndiyo maana maduka ya Forodhani na Mji Mkongwe huwachanganya wawili hawa kama watu wa kikoa kimoja. Lakini Tingatinga huchora mnyama akasimama peke yake katika uwanja wake, ametulia, kama neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa. Lilanga haoni raha mpaka uwanja umejaa. Kiwiko cha huyu kimeingia katika sikio la yule, mguu wa tatu unamtafuta mwenyewe, matumbo yamesukumana, midomo imechongoka, masikio ni makubwa kama majani ya mgomba, na vidole ni viwili au vitatu, vya kutosha kushikia kata au fimbo. Nguo ni za madoadoa na miraba. Nyuma yao hapana mbingu wala ardhi. Pana rangi moja tu, tambarare, kama ukuta uliopakwa chokaa siku ya harusi.

Rangi hizo ndizo zilizomfanya maarufu, nazo ndizo zinazomficha. Mwenye kutaka kujua Lilanga alikuwa fundi wa kiasi gani aziache kando kwa saa moja, aende kwenye michoro yake ya wino na chapa zake za bamba.

Wasomaji wa ushairi hawatashangaa. Shairi likiimbwa na mwenye sauti tamu, mshororo uliopungua mizani hupita bila ya kusikika, maana koo la mwimbaji limeuziba ufa. Shairi lilelile likisomwa kavu, kila kasoro hujitokeza. Rangi ni sauti tamu. Chapa nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni usomaji mkavu, na Lilanga anausimamia. Mstari wake haukatiki. Unaanza kwenye kisigino, unapanda mgongoni, unazunguka kichwa, unashuka kuwa mkono, na ule mkono unakuwa mpaka wa tumbo la jirani. Mstari mmoja unawatumikia watu wawili, kama kina cha kati kinavyofunga kipande hiki na kufungua kile. Nukta na michirizi midogo hujaza nguo na ngozi, na mtazamaji aliyepata kuona chale za nyuso za wazee wa Newala, mistari iliyovunjikavunjika mashavuni na kwenye paji la uso, hatahitaji kuelezwa mkono huu ulijifunzia wapi.

Kuna tofauti ya kazi hapa inayofaa kuelezwa, kwa kuwa neno la uchapaji hukusanya vitu vingi. Katika chapa ya mti, fundi huchimba ubao, akaacha juu kile anachotaka kionekane. Hupaka wino, hulaza karatasi, hukandamiza. Kinachochimbwa hubaki cheupe. Fundi wa milango ya Unguja anaielewa kazi hiyo bila ya kufunzwa: kama mtu angethubutu kuupaka wino mlango wa nakshi na kuulaza karatasi, angepata chapa nzuri ya minyororo na mayungiyungi. Katika chapa ya bamba mambo hugeuka. Bamba la madini hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha tindikali hula pale sindano ilipopita, na wino huingia katika jeraha. Kinachochimbwa ndicho kinachokuwa cheusi. Nyumba ya Sanaa ilikuwa na watu waliolipenda jambo hili la kuchapa. Majina ya Robino Ntila na Francis Imanjama yanastahiki kutajwa kila linapotajwa la Lilanga, na ni aibu kwamba hayatajwi. Ila Lilanga aliingia katika uchapaji akiwa mchongaji, na mchongaji hajui kufuta. Kisu kikishapita kimepita. Ndiyo sababu katika chapa zake hakuna mstari wa kusitasita, hakuna mahali mkono uliporudi nyuma kujiuliza.

Ukizitazama picha za rangi baada ya kuzitazama chapa, unaweza kutenganisha zile nzuri na zile zilizochoka. Na zilizochoka zipo. Kumheshimu marehemu si kuyaficha hayo. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimdhoofisha Lilanga hata akapoteza miguu. Wakati huohuo wanunuzi kutoka Ulaya walikuwa wakiongezeka. Karakana yake ikajaa wasaidizi na jamaa, miongoni mwao mjukuu wake Hendrick Lilanga, ambaye leo ni msanii anayejulikana kwa jina lake mwenyewe. Wasaidizi walijaza rangi, na pengine zaidi ya rangi. Jambo hilo si kosa: karakana ni desturi ya kale, na Mmakonde haoni ajabu kazi kupita mikono ya ukoo. Lakini jicho halidanganyiki. Katika picha kadhaa za mwisho mpaka mweusi umekuwa uzio tu. Kila kiumbe amefungwa katika uzio wake, hagusani na mwenzake, na kule kusukumana kulikozifanya picha za mwanzo zipumue kumekwisha. Ni mashairi yenye vina vyote na habari hakuna. Wafanyabiashara huuza zote kwa jina moja. Maonyesho ya kumbukumbu yenye ujasiri yangeziweka pamoja, ya chapa na ya karakana, ubavu kwa ubavu, na kumwachia mtazamaji kazi.

Sasa yale majina. Picha nyingi za Lilanga zilipewa majina ya Kiswahili, na mara kwa mara si neno moja, bali sentensi nzima, yenye mtu anayesema na mtu anayeambiwa. Ni maneno ya kibarazani na ya jikoni: mambo ya mume na mke, ya mganga, ya pombe, ya mtoto asiyesikia, ya mzee anayelalamika. Hapo ndipo kanga inaporudi. Picha yenye madoadoa, rangi mbili tatu zilizokolea, na sentensi inayomlenga mtu ambaye hakutajwa: mtu wa pwani ameshaijua sanaa hiyo kabla hajaingia makumbusho. Wanawake wa pwani wameivaa mwilini kwa zaidi ya miaka 100. Haijulishi kwamba Lilanga aliiga kanga. Inajulisha kwamba alifanya kazi ndani ya adabu ileile, ambamo picha ni nusu ya kauli na nusu nyingine ni mdomo.

Jina likiondolewa, au likifasiriwa kwa lugha nyingine na kupunguzwa kuwa maneno matatu, kinachobaki ni viumbe wenye masikio makubwa. Na mtazamaji wa mbali, akikosa kuambiwa wanasema nini, hujijibu mwenyewe: ni mashetani, ni mizimu, ni dini ya siri ya Waafrika. Maandishi mengi ya maonyesho yameelea juu ya maji hayo. Neno shetani lenyewe limechangia. Kwa msomaji wa visiwani lina uzito mwingine. Ni neno la Kurani, na ni neno la uganga pia, la wale wanaopanda kichwani na kudai ubani na kilemba. Mchongaji wa Kimakonde alipolitumia kwa mnunuzi wa Dar es Salaam alilifanya kuwa jina la bidhaa. Lakini mashetani wa Lilanga hawapandi kichwani mwa mtu. Wanakwenda sokoni, wanagombana, wanabeba watoto mgongoni, wanapiga ngoma, wanamsuta aliyechelewa kurudi. Kinyago cha kukichonga mwenyewe hakikutishi, na methali hiyo ni mwongozo bora wa maonyesho kuliko kurasa nyingi za katalogi. Hao ni majirani zake waliovikwa lipiko. Wanafanyiwa utani, nao utani wa makabila ya kusini, kama wa kwingineko, hauna huruma wala chuki. Anayetaniwa ni lazima awe mtu unayemjua.

Msiba wa tafsiri hiyo potofu haukuishia katika uzito wa kupita kiasi. Upo pia upande wa pili, wa wepesi. Tangu kazi zake zifike Marekani mwaka 1978 pamezuka madai, yanayopendwa sana na wauzaji, kwamba Keith Haring wa New York, aliyejulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa vijitu vyake vya mstari mnene, alichota kwa Lilanga. Mfanano upo, wala haukataliki. Uthibitisho ni jambo jingine. Lakini hata madai hayo yakithibitishwa kesho, ni heshima ya namna gani, ya kumsifu fundi wa Masasi kwa sababu tu alimfaa mtu wa New York? Vijitu vya Haring viko mbio, vinang'aa, havina majina ya kuitana. Viumbe wa Lilanga wamekaa kitako na wanasengenyana. Anayeona ni wamoja amesikiliza kwa jicho moja.

Kazi hizo sasa ziko mbali. Nyingi zilinunuliwa na Jean Pigozzi, ambaye mkusanyo wake wa sanaa ya Afrika uliwekwa Geneva. Nyingine ziko Hamburg. Nyingine zilikwenda Japani, nchi iliyopenda uchongaji wa Kimakonde hata kukajengwa huko, katika mkoa wa Mie, jumba zima kwa ajili yake. Hakuna aliyeziiba. Zililipiwa, na pesa zilimlisha mtu na ukoo wake, jambo ambalo wanaolilia urithi wa taifa hulisahau wakiwa wameshiba.

Na Geneva hiyohiyo ina kisa kingine. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yaliibiwa, na miongoni mwa vilivyokwenda kilikuwemo kinyago cha kuvaa cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Kikatambuliwa, mazungumzo yakaenda kwa miaka, na hatimaye Mei 2010 kikakabidhiwa kwa Tanzania. Lipiko lile lilirudi kwa sababu palikuwa na orodha, namba, na wizi uliothibitika. Picha ya Lilanga haina njia hiyo. Haikuibiwa, kwa hiyo haiwezi kudaiwa. Inaweza tu kuazimwa, na aazimaye huulizwa kwanza: ukumbi wenu una kipoza hewa, una bima, una walinzi?

Mbao zake kubwa za rangi, kwa masharti hayo, huenda zisifike kusini kwa muda mrefu. Chapa ni habari nyingine. Chapa haiko moja. Bamba moja hutoa karatasi nyingi, na ndiyo hekima ya sanaa hiyo, kwamba mwenye nacho hamnyimi asiye nacho. Karatasi 30 zilizowekwa kwenye fremu nyepesi huingia katika sanduku moja, na sanduku moja huingia chini ya kiti cha basi la Mtwara. Mkoani humo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 limekuwapo tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, MaKuYa, ambalo limekwisha kuonyesha kwamba watu wa uwanda hawahitaji kufundishwa kutazama. Ukuta wa shule ya Masasi au wa ukumbi wa halmashauri ya Newala unatosha. Vibandiko viandikwe kwa Kiswahili cha mwenyewe, sentensi nzima, bila ya kufupishwa, kwa herufi ambazo bibi mwenye miwani ya kuazima ataweza kuzisoma. Au, kama macho yamekwisha, mjukuu amsomee kwa sauti, na watu waliosimama nyuma yao wasikie ni nani anayesutwa.